Kulinda na Kumiliki: Historia ya Kitenzi cha Kiingereza "Protect" na Tafsiri Yake katika Afrika Mashariki

Utangulizi

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza visivyomsumbua mfasiri wa Kiswahili ni "protect". Kamusi humpa visawe vingi: kulinda, kukinga, kuhifadhi, kuhami, na pengine kusitiri. Naye huchagua kimojawapo kwa kufuata sikio lake, kisha akaendelea na kazi. Wepesi huo ndio unaostahili kutiliwa shaka. Kitenzi hiki na nomino zake vimo katika mikataba, amri na hukumu ambazo kwazo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitiwa mikononi mwa Waingereza katika mwongo wa mwisho wa karne ya 19. Zanzibar haikuitwa koloni mwaka 1890, wala Uganda mwaka 1894, wala nchi ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya mwaka 1895. Zote ziliitwa, kwa lugha ya watwaaji, nchi zilizo chini ya ulinzi.

Makala haya yanafuatilia safari ya kitenzi hicho kutoka Kilatini hadi Kiingereza, na kutoka Kiingereza hadi himaya za Afrika Mashariki. Hoja ya msingi ni kwamba tendo la kulinda lina wahusika watatu: anayelinda, anayelindwa, na hatari ambayo kwa sababu yake ulinzi unahitajika. Historia ya "protect" ni historia ya kufifia kwa mhusika huyo wa tatu. Kila hatari ilipoachwa bila kutajwa, maana ya kitenzi ilisogea kutoka ulinzi kuelekea umiliki. Aidha, makala yanadai kwamba sarufi ya Kiswahili inazo nyenzo za kumrejesha mhusika aliyefichwa, ila nyenzo hizo zimetumiwa kwa nadra na wafasiri na waandishi wa historia.

Paa na Mkono: Asili ya Neno

"Protect" kinatokana na kitenzi cha Kilatini "protegere", ambacho kimeundwa kwa "pro", yaani mbele, na "tegere", yaani kufunika. Kulinda, kwa asili hiyo, ni kuweka kifuniko mbele ya kitu. Mzizi huohuo ulizaa "tectum", paa. "Toga", vazi la Mrumi. Na "tegula", kigae, ambacho Kiingereza kilikirithi kwa umbo la "tile". Hata "thatch", nyasi au makuti ya kuezekea, ni ndugu wa mbali wa mzizi huo, na "detect" maana yake ya kwanza ni kufunua kilichofunikwa. Taswira iliyomo ni ya nyumba iliyoezekwa, na kila mwenye nyumba anajua kuwa paa lina sababu moja tu ya kuwako: mvua na jua.

Kiingereza, hata hivyo, hakikungoja Kilatini ili kizungumzie ulinzi. Kiingereza cha Kale kilikuwa na "scildan", kitenzi kilichotokana na ngao, na kilikuwa na "beorgan", kuokoa au kuhifadhi. Kilikuwa pia na nomino "mund", ambayo ilimaanisha mkono na ulinzi kwa pamoja. Katika sheria za Waanglo-Saksoni, "mund" ya bwana ilikuwa ni amani aliyoitandaza juu ya nyumba yake na watu wake, na mtu aliyeivunja alitozwa faini. Jambo la kuzingatia ni kwamba faini hiyo alilipwa bwana. Aliyejeruhiwa ni mtu mmoja, lakini aliyehesabiwa kuwa amekosewa ni mlinzi wake. Mbegu ya tatizo linalojadiliwa hapa ilikuwa imekwisha kupandwa.

Baada ya Wanomani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yaliingia kwa wingi, yakiwemo "defend" na "guard". "Defend" kilibeba maana mbili: kulinda na kukataza. Katika Kiingereza cha wakati wa Shakespeare, mtu aliyesema "God defend" aliomba Mungu aepushie mbali jambo fulani, na Kifaransa cha leo bado kinatumia kitenzi kimoja kwa maana zote mbili. "Protect" chenyewe kilichelewa. Nomino zake, "protection" na "protector", zilitangulia katika karne ya 14, na kitenzi kikaenea baadaye. Waingereza, kwa hiyo, walimjua mlinzi kabla ya kukijua kitendo chake.

Mlinzi wa Mfalme: 1422 hadi 1657

Cheo cha Mlinzi kilipata uzito wa kisiasa mwaka 1422. Mfalme Henry V alipofariki, mrithi wake Henry VI alikuwa mtoto mchanga asiyetimiza mwaka. Humphrey, Mtawala wa Gloucester na ami wa mtoto huyo, alidai mamlaka kamili ya kutawala kwa niaba yake. Mabwana wa Baraza walikataa, wakampa badala yake cheo cha Mlinzi na Mtetezi wa ufalme. Cheo hicho kilichaguliwa makusudi kwa sababu kilikuwa kidogo: kilimtwika wajibu wa kuilinda nchi dhidi ya maadui wa nje na waasi wa ndani, bila kumfanya mtawala. Hatari ilikuwa imetajwa, na kwa kutajwa kwake mamlaka yalikuwa yamewekewa mpaka. Mfalme alipovikwa taji mwaka 1429, angali mtoto, cheo kilikoma.

Mwaka 1483 mambo yaligeuka. Richard, ambaye naye alikuwa Mtawala wa Gloucester, alifanywa Mlinzi wa mpwa wake Edward V aliyekuwa na umri wa miaka 12. Katika muda wa miezi michache, Mlinzi alikuwa mfalme, na watoto wawili aliopaswa kuwalinda walitoweka katika Mnara wa London wasionekane tena. Shakespeare aliuona utajiri wa kinaya uliomo katika cheo hicho. Katika tamthilia ya pili ya Henry VI, malkia anahoji kwa nini mfalme aliyekwisha kukua aendelee kuwa na mlinzi. Swali lake linagusa kiini cha jambo: ulinzi unakoma lini, na nani aliye na haki ya kuukomesha? Katika Richard III, mama na jamaa wa watoto wanafika mnarani kuwatazama. Msimamizi wa mnara anawazuia na kusema kuwa mfalme amekataza. Wanapomuuliza ni mfalme yupi, anajirekebisha haraka na kusema kuwa alikusudia Mlinzi. Kuteleza huko kwa ulimi ni uhakiki kamili wa neno. Ulimi wa mtumishi umetamka ukweli ambao cheo kilikuwa bado kinausitiri, na ulinzi umedhihirika kwa tendo moja tu, yaani kumzuia mama asiwaone wanawe.

Oliver Cromwell alikitwaa cheo hichohicho mwezi Desemba 1653, miaka minne baada ya Mfalme Charles I kukatwa kichwa. Safari hii hapakuwa na mtoto wa kulindwa. Kilicholindwa ni nchi nzima ya watu wazima. Mwaka 1657 Bunge lilimwomba awe mfalme, akakataa. Hata hivyo, alisimikwa upya kuwa Mlinzi huku amevikwa joho la zambarau na kushika fimbo ya enzi. Utawala wake ndio uliolipa neno "protectorate" maana yake ya kwanza mashuhuri katika Kiingereza. Ni sadfa yenye mafunzo kuwa neno lililokuja kuelezea nchi za wengine zilizotwaliwa lilianza kwa kuelezea ufalme usiotaka kuitwa ufalme.

Ulinzi kwa Utiifu: Kutoka Mke hadi Kisiwa

Nadharia ya mabadiliko haya iliandikwa katika kipindi hichohicho. Thomas Hobbes, katika Leviathan (1651), alishikilia kuwa ulinzi na utiifu ni vitu viendavyo pamoja: raia anamtii mtawala maadamu mtawala ana uwezo wa kumlinda. Hoja ya Hobbes ina makali ya pande mbili. Inamfunga raia, lakini inamfunga pia mtawala, kwa kuwa utiifu hukoma pale ulinzi unapokoma. Wengi waliomfuata walichukua upande wa kwanza wa upanga na kuusahau wa pili.

Sheria ya ndoa inatoa mfano mzuri. William Blackstone, mwanasheria aliyeanza kuchapisha ufafanuzi wake wa sheria za Uingereza mwaka 1765, alieleza kuwa mwanamke anapoolewa, nafsi yake kisheria humezwa na ya mumewe, kwa kuwa yumo chini ya bawa, ulinzi na kifuniko chake. Taswira ya paa imerudi, lakini mvua haitajwi. Mke alilindwa na nini? Blackstone hasemi. Kinachojulikana ni kwamba mali yake ya kuhamishika ilikuwa ya mume, na hakuweza kushtaki mahakamani kwa jina lake mwenyewe. Sheria za mwaka 1870 na 1882 ndizo zilizoanza kumrejeshea milki yake.

Kutoka kwa mke hadi kwa nchi ilikuwa hatua fupi. Mwaka 1815, kwa mkataba uliosainiwa Paris, Visiwa vya Ionia vilivyo magharibi mwa Ugiriki vilitangazwa kuwa dola huru chini ya ulinzi wa Uingereza pekee. Katiba iliyofuata mwaka 1817 ilimpa kamishna wa Kiingereza karibu mamlaka yote. Uhuru ulibaki katika maandishi na utawala ukabaki kwa mlinzi, hadi visiwa vilipokabidhiwa kwa Ugiriki mwaka 1864. Hapo sarufi ya himaya ya kisasa ilikuwa imekamilika: kiima ni dola kubwa, yambwa ni nchi ndogo, na hatari imeachwa wazi ili ijazwe kwa kadiri ya mahitaji ya mlinzi.

Himaya katika Afrika Mashariki

Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 uliirasimisha sarufi hiyo kwa bara la Afrika. Kifungu cha 34 cha makubaliano yake kiliitaka dola yoyote itakayojitwalia himaya katika pwani za Afrika iziarifu dola nyingine zilizotia sahihi. Waliopaswa kuarifiwa ni Wazungu wenzao. Wenyeji waliokuwa wanalindwa hawakutajwa kuwa watu wa kupewa taarifa. Kwa hivyo, tamko la himaya lilikuwa ujumbe kwa washindani. Ikiwa palikuwa na hatari iliyokusudiwa, hatari hiyo ilikuwa Mjerumani kwa Mwingereza, na Mwingereza kwa Mjerumani. Wajerumani nao walitumia neno lao lenye maana ileile: mkataba alioupata Carl Peters kutoka kwa Kaizari mwezi Februari 1885 uliitwa barua ya ulinzi, na jeshi lililoundwa mwaka 1891, ambalo baadaye lilizima vita vya Maji Maji, liliitwa jeshi la ulinzi.

Matukio ya miaka iliyofuata yalilipima neno. Zanzibar iliingizwa katika himaya ya Uingereza mwaka 1890. Tarehe 27 Agosti 1896, siku mbili baada ya Sultani Hamed bin Thuwaini kufariki, manowari za Kiingereza ziliipiga jumba la Sultani mizinga kwa muda usiofika saa moja kwa sababu Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti bila idhini ya balozi wao. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Mzanzibari aliyelindwa na Mwingereza alilazimika kutafuta mahali pa kujilinda na mlinzi wake. Upande wa bara, himaya ilipotangazwa mwaka 1895, Mbaruk bin Rashid wa Gazi na Wamazrui wenzake walikuwa vitani dhidi yake mwaka huohuo, mpaka wakashindwa mwaka 1896 kwa msaada wa askari walioletwa kutoka India.

Mfano ulio mzito zaidi, hata hivyo, haukutokea vitani bali mahakamani. Mwaka 1904 Wamaasai walifanya mkataba na serikali ya himaya, wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa hadi maeneo mawili, Laikipia na kusini. Waliahidiwa kuwa mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wangaliko. Mwaka 1911 mkataba wa pili uliwataka waliokuwa Laikipia wahame tena waende kusini. Ole Njogo na wenzake, katika upinzani ulioongozwa na Parsaloi ole Gilisho, waliishtaki serikali. Mwaka 1913 mahakama ilitupilia mbali madai yao bila kuamua kama ahadi ilikuwa imevunjwa. Ilisema kuwa nchi iliyo chini ya himaya si milki ya Mfalme. Kwamba Wamaasai, kwa sababu hiyo, hawakuwa raia wake bali wageni waliolindwa. Na kwamba makubaliano yao yalikuwa mikataba ya kimataifa, ambayo mahakama ya ndani haina uwezo wa kuishughulikia.

Hukumu hiyo inafaa kusomwa kama wahakiki wanavyosoma matini. Neno "himaya" limetumika hapo kwa maana mbili kinzani katika pumzi moja. Serikali ilipotaka ardhi, himaya ilikuwa na maana ya mamlaka: tayari sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilikuwa imeanza kuwagawia walowezi mashamba. Wamaasai walipotaka haki, himaya ikawa na maana ya umbali: nchi ni ya kigeni, na mahakama haina neno. Mtu alikuwa mgeni katika nchi aliyozaliwa, na aliyemfanya mgeni ni mlinzi wake. Utiifu wa Hobbes ulidaiwa kwa ukamilifu, lakini deni la ulinzi halikuwa na mahakama ya kulidaia. Mwaka 1920 sehemu kubwa ya nchi ilifanywa koloni, na ukanda wa pwani wa Sultani ukabaki na jina la himaya hadi 1963. Tofauti ya majina hayo kwa mwananchi wa kawaida ilikuwa ndogo mno.

Sarufi ya Kiswahili na Mhusika Aliyefichwa

Visawe vya Kiswahili vya "protect" havilingani. Kukinga ni kuweka kitu kati ya viwili: mtu hukinga mvua kwa mwavuli, na hukinga mkono ili pigo lisimfikie. Kuhifadhi ni kuweka kisipotee, ndiyo maana Kurani huhifadhiwa moyoni. Kusitiri ni kufunika aibu. Kulinda ni kukesha na kuangalia. La kuvutia ni kwamba baadhi ya vitenzi hivi huweza kuchukua hatari yenyewe kuwa yambwa. Mkulima wa mpunga akipanda ulingoni husemwa kuwa analinda ndege. Halindi ndege wasidhurike. Anawafukuza wasile mpunga. Mzungumzaji wa Kiingereza akisikia tafsiri ya neno kwa neno atadhani mkulima ni rafiki wa ndege. Katika Kiswahili cha shambani hatari ina nguvu kiasi cha kukikalia kiti cha yambwa na kukiacha kinacholindwa kieleweke chenyewe.

Aidha, Kiswahili humtaja mhusika wa tatu kwa kiunganishi "na": Mungu atulinde na shari, mwavuli humkinga mtu na jua. Siku hizi "dhidi ya" imeenea mahali pa "na" hiyo, na si kosa. Lakini inasahaulisha kuwa lugha ilikuwa na njia yake fupi ya kuuliza swali: analindwa na nini? Ufupi huo una utata wake, kwa sababu "na" hiyohiyo humtaja mtenda katika kauli ya kutendwa. "Wamaasai walilindwa na Mwingereza" inaweza kuwa na maana mbili: kwamba Mwingereza ndiye mlinzi wao, au kwamba Mwingereza ndiye hatari waliyokingwa nayo. Sarufi, kwa bahati yake yenyewe, imeuweka wazi utata ambao mikataba iliuficha.

Kuna pia kauli ya kutendea. Mlinzi wa usiku humlindia tajiri duka lake. Kiambishi hicho kidogo kinamtaja mwenye faida. Ikiulizwa kwa Kiswahili, "Mwingereza aliilinda Uganda?", jibu laweza kuwa ndiyo, kwa maana alizuia Mfaransa na Mjerumani wasiitwae. Ikiulizwa, "Alimlindia nani?", jibu linabadilika mara moja, kwa kuwa linahusu chemchemi za Nile, njia ya kwenda India na biashara ya Uingereza.

Kwa bahati mbaya, neno lililozoeleka kwa kutafsiri "protectorate" halikutoka katika vitenzi hivi. "Himaya" limekopwa kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuzuia na kulinda. Mzizi huo pia ulizaa "hima", malisho yaliyotengwa, ambayo kabla ya Uislamu wakuu wa makabila ya Bara Arabu waliyazuia kwa ajili ya mifugo yao wenyewe. Uislamu ukaja kuyawekea masharti ya manufaa ya umma. Nomino, tofauti na kitenzi, haidai mhusika yeyote. Nchi huwa tu chini ya himaya, kama inavyokuwa chini ya mawingu. Hata "nchi lindwa", istilahi ya baadhi ya waandishi, imemfuta mlinzi na hatari kwa pamoja.

Hata hivyo, watumiaji wa lugha wamefanya ambalo wafasiri hawakulifanya. Katika Kiswahili cha leo "himaya" limechukua maana ya dola kubwa inayotawala wengine: husemwa Himaya ya Kirumi, na hata tajiri mwenye kampuni nyingi husemwa kuwa amejenga himaya. Mwenye kupenda usanifu anaweza kuliita jambo hili kosa la semantiki. Makala haya yanaliona kuwa ni kumbukumbu. Neno lililoanza kwa maana ya ulinzi limeishia kuwa na maana ya utawala, kwa sababu hivyo ndivyo wazungumzaji walivyouona ulinzi huo ukitenda kazi.

Kurejea kwa Hatari

Mwaka 2005 viongozi wa dunia waliokutana katika Umoja wa Mataifa walikubaliana kuwa kila dola ina wajibu wa kuwalinda watu wake, na kwamba jumuiya ya kimataifa ina wajibu pale dola inaposhindwa. Kilicho muhimu kwa mada hii ni kwamba hatari zilitajwa na zikahesabiwa: mauaji ya kimbari, jinai za kivita, uangamizaji wa kikabila na jinai dhidi ya ubinadamu. Mhusika wa tatu alikuwa amerudishwa katika sentensi. Mwaka 2011 Baraza la Usalama liliidhinisha hatua za kuwalinda raia wa Libya. Operesheni hiyo ilipomalizika mwezi Oktoba na Muammar Gaddafi akiwa ameuawa, wakosoaji wengi walisema kuwa kibali cha kulinda kilikuwa kimegeuzwa kibali cha kuiangusha serikali. Iwe walikuwa sahihi au la, mjadala wenyewe uliwezekana kwa sababu hatari ilikuwa imeandikwa. Mtu angeweza kuonyesha kidole mahali kitendo kilipovuka mpaka wa maneno. Ole Njogo na wenzake hawakuwa na mahali pa kuonyesha kidole.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kuwa "protect" hakikuwa kitenzi cha hila tangu mwanzo. Mwaka 1422 kilitumiwa kupunguza mamlaka, na kilifaulu kwa sababu wajibu wa mlinzi ulikuwa umeainishwa. Kiligeuka kuwa kitenzi cha kumiliki kila hatari ilipofutwa katika sentensi, iwe katika mnara wa London, katika sheria ya ndoa, au katika mikataba ya Afrika Mashariki. Kwa mfasiri na mwandishi wa historia kwa Kiswahili, matokeo ni ya kiutendaji. Kuandika kuwa Zanzibar "iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza" ni kutafsiri sawasawa, pamoja na ukimya wa matini asilia. Kiswahili kinaruhusu zaidi ya hapo. Msomaji anayekutana na kitenzi hiki, katika lugha yoyote, ana maswali mawili ambayo sarufi yake mwenyewe imemfundisha: analindwa na nini, na analindiwa nani?